Mashimo ya Wimbo wa Ngazi

Vituo vya kimya katika wimbo wetu prodyuza aliviita mashimo. Alisema hivyo hivyo, amekaa kwenye kiti chake cha magurudumu, mguu juu ya mguu: "Wimbo wenu mzuri, ila una mashimo. Msijali, nimeshayaziba." Alisema kama mtu aliyekuzibia paa linalovuja wakati wewe umesafiri, kisha akangoja shukrani.

Mimi ni fundi wa vioo. Kazi yangu ni kukata. Unalaza rula juu ya kioo, unapitisha kisu mara moja tu, mstari mmoja, halafu unavunja. Ukirudia mstari, kioo kinapasuka kinakotaka chenyewe na umeharibu mali ya mtu. Kwa hiyo ukichukua kitu nilichokikata kwa mkono wangu, ukaja kuniambia umenisaidia kukiunga, usitegemee nitabasamu. Wanaosema hasira hasara hawajawahi kuzibiwa wimbo.

Nianze mwanzo, maana watu wamesema mengi kuhusu bendi yetu na karibu yote ni uongo. Mtangazaji mmoja wa mtandaoni alisema tumesomea muziki. Mwingine akasema tumeiga watu wa mbali, wa zamani, wenye nywele za kusimama na suruali za kubana. Hatukumwiga mtu. Tulikuwa tunaogopa kumwamsha mama.

Mama ni muuguzi. Mwaka wa kumi na moja huu yuko zamu ya usiku, na hataki kubadilishiwa, anasema usiku wakubwa hawapo na wagonjwa wanasema ukweli. Anarudi saa mbili asubuhi, anaoga, anakunywa chai, anaingia chumbani, halafu hatumwoni mpaka saa tisa. Kati ya chumba chake na sebule kuna ukuta wa mbao, mwembamba kiasi kwamba ukipiga chafya huku, unaombewa afya kule. Kitanda chake ni cha chuma, cha springi, kina umri kunishinda. Akijigeuza kinalia, kwanza kwa sauti nyembamba halafu nene, kama mlango wa ghala lililosahauliwa.

Kwenye bendi tuko watatu. Mimi napiga gitaa la besi. Mdogo wangu wa kike anafundisha chekechea, na nyumbani tunamwita Wakili, kwa sababu tangu azaliwe hajawahi kukubali kosa. Yeye ndiye mwimbaji. Wa tatu ni Kinyozi, mwenye kibanda cha kiti kimoja mtaa wa pili, na kioo alichonacho ukutani nilimkatia mimi. Yeye ni gitaa. Siku pekee tuliyopatana wote ilikuwa Jumapili asubuhi, kabla hajafungua, na mahali pekee tulipokuwa napo ni sebule yetu, mgongoni mwa ule ukuta, mama amelala.

Sasa fikiria mwenyewe. Viatu tunaviacha mlangoni, tunatembea kwa soksi. Ndiyo maana bendi inaitwa Soksi Tupu, wala hakuna siri nyingine. Chini ya nyuzi za besi nilichomeka kitambaa cha kufutia vioo ili kila noti ife palepale inapozaliwa: dum, dum, dum, kavu, haina mkia. Kinyozi alikuwa na gitaa la umeme asilolichomeka kwenye umeme. Alikwaruza nyuzi nyembamba tu, kwa ncha ya kucha, haraka haraka, kama mtu anayetafuta sarafu chini ya kabati. Ngoma haikuwezekana kabisa, basi Wakili alilaza sanduku la nguo la zamani akalipiga kwa brashi ya viatu, huku anaimba. Anaimbaje? Wewe umeshamwona mzazi anayemgombeza mtoto mbele ya wageni? Chini chini, meno yamekazwa, kila neno limeng'atwa kabla ya kutoka. Ndivyo alivyoimba mdogo wangu, na ndivyo anavyoimba mpaka leo.

Nyimbo za mapenzi hatukuwa nazo. Tuliimba kero. Tulikuwa na wimbo wa saa ya ukutani inayokimbia, na wimbo wa mtu anayekusalimia huku anachokonoa meno. Mkubwa kuliko zote ulikuwa wimbo wa ngazi. Jirani yetu alikuja kuazima ngazi ya mama abadilishe balbu. Alisema ni dakika tano tu. Mpaka tunautunga wimbo ule, mwaka na nusu ulikuwa umepita, balbu ile ilikuwa imeungua, na nyingine mbili zimeungua baada yake, na ngazi yetu tunaiona kwa macho imeegemea ukuta wake, inaanikiwa taulo. Wakili aliimba:

Ulisema kesho,
kesho imekuja peke yake,
haikubeba kitu mgongoni.
Rudisha —

Na hapo kitanda kinalia.

Sote tunakauka. Mimi nazima nyuzi kwa kiganja, Kinyozi mkono wake unabaki hewani, Wakili anafunga mdomo neno likiwa nusu njia. Tunasikiliza ukuta. Tukiona kimya kimetulia, mimi natikisa kichwa, na tunaendelea palepale tulipokatikia, bila kurudi nyuma hata hatua moja: ngazi. Ajabu yake ni kwamba kitanda kililia mahali palepale, kila Jumapili, mara tatu katika wimbo ule. Nilijiambia mama ana usingizi wa ratiba, amezoea zamu. Baada ya miezi kadhaa mikono yetu ikawa inasimama yenyewe, kitanda kilie kisilie, na vituo vikawa ndani ya wimbo kama mifupa ilivyo ndani ya samaki.

Mara ya kwanza kupiga mbele ya watu ilikuwa kwenye mahafali ya chuo cha ufundi, saa kumi jioni, katikati ya mtu wa kinanda na kundi la wacheza sarakasi. Tulivua viatu tukapanda jukwaani kwa soksi. Watu wakaanza kucheka. Walimcheka Kinyozi na nyuzi zake mbili, wakalicheka sanduku, wakamcheka Wakili aliyesimama wima kama anangoja kushuhudia mahakamani. Nilikasirika, lakini vidole vilikuwa vinafanya kazi. Halafu tukafika kwenye "Rudisha" ya kwanza, tukasimama. Ukumbi mzima ukajikuta peke yake na kicheko chake. Mtu mmoja nyuma alikuwa bado anacheka, akasikika, akakimeza. Tukasema "ngazi" na kuendelea. Kwenye "Rudisha" ya pili hakuna aliyecheka, walikuwa wameinama mbele kidogo. Kwenye ya tatu watu mia mbili walishika pumzi pamoja nasi, na neno lile lilipotoka walilipiga kelele wao. Sijui kukueleza raha yake. Ni kama kuvunja kioo kikaachia sawasawa kwenye mstari. Jirani yetu alikuwepo, mwanawe alikuwa anahitimu. Alicheza kuliko wote, akaja kutushika mikono, akasema huyo mwizi wa ngazi ni mtu wa hovyo sana.

Prodyuza naye alikuwepo. Alituita studio kwake, chumba kilichobandikwa trei za mayai kuanzia sakafu hadi dari, tukarekodi kwa siku tatu. Aliniambia nitoe kitambaa kwenye nyuzi. Nikakataa. Akasema, "Sawa, hayo tutayashughulikia baadaye," na mimi mjinga nikadhani amekubali.

Wiki mbili baadaye ndipo alipotuita kusikiliza. Amekaa kwenye kiti chake, mguu juu ya mguu, akabonyeza. Besi yangu ilikuwa imeota mkia; kila noti ilijikokota mpaka ikaikanyaga ya mbele yake. Sauti ya mdogo wangu ilikuwa imenyooshwa na kutiwa sukari, ungedhani anatangaza sabuni. Gitaa la Kinyozi lilikuwa mbali sana, kama jirani anayekwangua ukoko wa sufuria. Tukafika kwenye "Rudisha", mikono yetu sote watatu ikasimama mapajani kwa mazoea, na wimbo haukusimama. Kikaingia kinanda kinapanda ngazi taratibu, nyororo, na juu yake makofi ya watu ambao hawakuwepo.

"Umefanya nini?" nilimuuliza.

"Nimeziba mashimo, si nimekwambia?"

"Si mashimo yale. Vituo vile nimevikata mimi. Nimevibuni mimi mwenyewe, kila kimoja, kama ninavyokata kioo. Nani kakutuma?"

"Dada, tulia. Redioni kimya hakuna. Sekunde mbili tu za kimya, msikilizaji anadhani redio imeharibika, anahama stesheni. Mimi nipo kwenye kazi hii miaka mingi. Mimi nawatengenezea jina." Akatueleza: Ijumaa ya wiki inayofuata wimbo ungepigwa kwenye kipindi kikubwa cha jioni, nafasi ameshaipata, anachohitaji ni sahihi zetu tatu. Jumapili asubuhi, kabla ya Ijumaa hiyo, angepita nyumbani kuzichukua. Tusipotia sahihi, nafasi ina watu wanaoingoja, na yeye hatatugusa tena. "Na sahihi ni tatu," akarudia, ananiangalia mimi. "Mmoja akigoma, mmegoma wote."

Nilitoka mle masikio yanawaka.

Kesho yake niliwafuata wenzangu kibandani kwa Kinyozi. Alikuwa na mteja kitini, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado.

"Mimi sitii sahihi," nilisema kabla hata ya salamu. "Amewaua nyuma ya migongo yenu, na mnakaa kimya."

Wakili alikuwa kwenye benchi, daftari za watoto mapajani. "Kimya kingi kina mshindo mkuu," akasema, lakini bila nguvu. "Dada, mimi nachukia ile sauti, simjui yule mwanamke. Lakini kama huu ndio mlango pekee? Tukiingia, si tutapiga tunavyotaka baadaye?"

"Ukiingia kwa jina la mtu mwingine, ndani watakuita kwa jina hilo hilo."

Kinyozi alizima mashine. Huyu si mtu wa maneno mengi, ndiyo maana alichosema kilinikata. "Baba yangu haachi redio. Anakula nayo, analala nayo. Tangu nishike gitaa anasema mimi nakwangua sufuria. Ninataka mara moja tu asikie wametaja jina langu redioni. Mara moja. Halafu mkitaka nitarudi kwenye soksi zangu."

Nilikuwa na hasira, na hasira si jibu. Mteja aliuliza kama angeweza kumaliziwa nusu iliyobaki maana alikuwa na kikao, na mimi nikaondoka. Wiki nzima nilikata vioo vibaya. Nilipasua viwili vya dirisha la choo cha mtu, kazi ambayo ningeifanya nimefumba macho. Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa najua nitashindwa. Wao wawili, mimi mmoja, na nani anataka kuwa yule dada mkubwa aliyemfungia mwenzake mlango wa redio asisikike na baba yake?

Jumapili mama alirudi saa mbili kama kawaida. Alisema wodi ilijaa mpaka kwenye korido, akanywa chai amesimama, akaingia chumbani, akafunga mlango. Saa nne prodyuza akabisha hodi. Nilikuwa nimeamua kumpokea kwa adabu, na adabu hiyo ilidumu mpaka alipovuka kizingiti na viatu vyake, ko, ko, ko, sakafu nzima.

"Mama amelala," Wakili akamnong'oneza.

"Aah, sitakaa sana," akajibu kwa sauti ya sokoni. Akatafuta pa kuweka spika yake ndogo. Kati ya meza, kiti na sakafu, akachagua sanduku. Aliiweka spika juu ya ngoma ya mdogo wangu! Nilimwona Wakili anashika brashi ya viatu kama anataka kuitumia kwa kazi nyingine.

"Nataka muusikie mara ya mwisho, mkiwa mmetulia," akasema. "Halafu tumalize." Karatasi akaziweka mezani, kalamu juu yake, akabonyeza.

Nilikuwa namimina chai. Wimbo ulienda, umenona, umepakwa mafuta, mpaka ukafika. Ulisema kesho, kesho imekuja peke yake, haikubeba kitu mgongoni, rudisha...

Nyuma ya ukuta kitanda kikalia.

Mkono wangu ulikauka, birika hewani. Kinyozi alikauka. Wakili alikauka, mdomo wazi. Na kinanda kile hakikujali, kikapanda ngazi zake na makofi yake, mpaka juu. Tulitazamana. Prodyuza alikuwa anatikisa kichwa kufuata mdundo, hakusikia chochote.

Ubeti wa pili. Rudisha... Kitanda kikalia tena, mara hii kwa nguvu, nyembamba na nene zikipandana. Kinanda kikaendelea. Ubeti wa tatu, kitanda kikalia kama kinavunjwa, na baada yake ngumi mbili kwenye ukuta wa mbao, pu, pu. Picha ya shangazi iliyotundikwa hapo ikaenda upande.

Mlango ukafunguliwa. Mama alisimama pale kwa gauni la kulalia, kitambaa kichwani, alama ya mto shavuni. Wagonjwa wake wanasema akisimama mlangoni namna ile hata maumivu yanajipanga mstari.

"Nani huyo hanyamazi?"

Prodyuza aliinuka haraka. "Shikamoo mama."

"Marahaba. Vua viatu."

Alivua. Nitasema ukweli, hilo lilinifurahisha. Soksi yake ya kushoto ilikuwa na tundu, kidole gumba kinachungulia nje. Tundu hilo hakuwa ameliziba.

"Huu si wimbo wa ngazi yangu?" mama akauliza.

"Ndiyo mama," Wakili akajibu.

"Mbona nimejigeuza na haukusimama? Nimejigeuza mara tatu!"

Niliweka birika chini taratibu. "Mama," nikasema, "kwani ulikuwa macho?"

Alinitazama kama ninavyotazamwa na mteja niliyempimia dirisha vibaya. "Miaka miwili mnapiga sanduku nyuma ya kichwa changu, na mnadhani ninalala? Mimi ni muuguzi, mwanangu, si maiti."

"Kwa hiyo kitanda..."

"Nilikuwa najigeuza makusudi. Ile mara ya kwanza nilitaka mnyamaze nilale, basi. Mkanyamaza. Nikasema kheri. Mara mkaendelea palepale, nusu ya neno, kama mmewekewa alama! Nilicheka mpaka nikajiziba mdomo kwa mto. Jumapili iliyofuata nikajaribu tena. Kazini nikisema jambo, daktari hasikii, mhasibu hasikii, ndugu wa mgonjwa ananiambia nimwite mkubwa. Hapa nikigeuka ubavu tu, watu watatu wanakauka. Mngekuwa mimi mngeacha?"

"Lakini mbona mahali palepale?" Kinyozi akauliza. Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Mama alimnyooshea Wakili kidole. "Huyu. Akifika pale anakimbilia lile neno kama linamtoroka. Hapumui. Mimi usiku kucha kazi yangu ni kukaa gizani kusikiliza watu wakipumua. Mtu asipopumua, mimi najua kabla ya mashine. Nikawa nawasimamisha mvute pumzi. Si lazima mtu awe mwanamuziki kujua hilo." Akaigeukia spika juu ya sanduku. "Huyu wa kwenye kisanduku naye hapumui hata mara moja. Mgonjwa wa namna hiyo ningemwitia daktari."

Prodyuza alinigeukia mimi. Na kwa maisha yangu yote sitamsahau, alitabasamu. "Dada, si ulisema umevibuni wewe mwenyewe?"

Ardhi ingepasuka ningeingia kwa hiari yangu. Wiki nzima nilikuwa nimebeba vituo vile kama mali yangu, nimevitukania watu, nimevipasulia vioo, kumbe mwenyewe alikuwa nyuma ya ukuta amekumbatia mto. Aibu ilipanda, na kwa kuwa mimi sijui kuona aibu peke yangu, ikageuka hasira, na hasira ikamwendea mama.

"Miaka miwili!" nikasema. "Miaka miwili natembea kwa soksi kwenye sakafu ya baridi! Nimemeza vikohozi. Kinyozi hajawahi kuchomeka gitaa lake humu. Mdogo wangu hajawahi kuimba kwa sauti yake kamili ndani ya nyumba hii, kwa ajili ya usingizi wako, na wewe hulali, unatuchezea?"

"Nyinyi mmemeza vikohozi," mama akasema, "na mimi nimemeza vicheko. Tuko sare. Na nilikuwa nalala mkimaliza. Kwani nani aliwaambia msipige kwa sauti? Mliwahi kuniuliza?"

Hatukuwahi kumuuliza. Hilo ndilo lililonichoma mpaka leo. Watu wazima watatu, kwa miaka miwili, na hakuna hata mmoja aliyewahi kubisha mlango ule akauliza.

Prodyuza alikohoa. "Basi, tumecheka, tumefurahi. Sasa sahihi, maana nina safari."

Kinyozi alisimama. Nilijua anaiendea kalamu, na nilikuwa nimeshaamua sitamzuia. Baada ya aibu ile ningemzuia kwa mdomo upi? Akaipita meza. Akaenda kwenye sanduku, akainyanyua ile spika kwa mikono miwili, kwa upole kabisa, kama anavyoinua kichwa cha mteja aliyesinzia, akamkabidhi mwenyewe.

"Mimi sitii," akasema.

"Na baba yako?" Wakili akamuuliza.

"Baba akiusikia huu atasikia kinanda. Atawaambia watu kijana wangu siku hizi anapiga kinanda." Akakaa chini tena. "Bora aendelee kusema nakwangua sufuria. Angalau hapo amenisikia mimi."

Prodyuza alituambia tutajuta, tena alituambia akiwa ameinama anafunga kamba za viatu, na maneno ya mtu aliyeinama hayana uzito. Ijumaa wakapigwa wengine. Ninakiri tulisikiliza, sote watatu, na ninakiri kwamba Kinyozi alitoka nje kabla wimbo wao haujaisha.

Tukaamua kurekodi wenyewe, sebuleni, kwa kinasa sauti alichokiazima Wakili shuleni kwake, kile cha kurekodia watoto wakikariri. Mimi ndiye niliyekwenda kubisha mlango wa mama safari hii. Nilikuwa bado nimenuna, lakini nilibisha. Nikamwambia tunamhitaji. Alale tu kama siku zote, na kila "Rudisha" ikifika, ajigeuze. Kitanda kiingie kwenye wimbo, kila mtu asikie nani mwenye vituo.

"Jina langu mtaandika?" akauliza.

"Tutaandika."

"Andikeni na ngazi ni yangu."

Jumapili hiyo alirudi saa tatu na nusu badala ya saa mbili. Hakusema kulikuwa na nini usiku ule; alikaa kitandani na viatu vyake kwa muda, halafu akasema, "Anzeni, niko tayari," na kufunga mlango. Tukavua viatu. Hakuna aliyetulazimisha tena, tulivua tu. Wakili akabonyeza kinasa, tukaanza.

Rudisha ya kwanza. Tukasimama, tukasikiliza ukuta. Kitanda kimya. Kinyozi akanitupia jicho. Nikangoja kidogo, nikatikisa kichwa, Wakili akasema ngazi, tukaendelea. Rudisha ya pili. Kimya vilevile. Hasira ikaanza kunipanda: mwanamke huyu ametusumbua miaka miwili bila kuombwa, leo ameombwa anagoma? Tukapiga ubeti wa tatu mimi nimeuma meno. Rudisha...

Tukasimama, na nyuma ya mbao ukasikika mkoromo.

Mrefu, mzito, umetulia. Ukapanda, ukakaa juu, ukashuka. Wakili alikuwa ameshika neno mdomoni, macho yamemjaa maji. Kinyozi alikuwa anatazama chini. Kwa mara ya kwanza tangu tuanze bendi, mama alikuwa amelala kweli, nasi tunapiga. Alikuwa ametuachia tupumue wenyewe. Nilihesabu pumzi yake moja ikiingia, moja ikitoka, halafu nikatikisa kichwa.

Ngazi.

Hatukurekodi mara ya pili. Wimbo ulitoka hivyo hivyo, na mkoromo wake, na jina la mama limeandikwa la kwanza kabla ya yetu. Umesambaa kwenye simu za watu kuliko tulivyotarajia. Redio haijaupiga. Jirani anauimba akiwa amesimama kwenye ngazi yetu. Baba yake Kinyozi aliusikiliza kibandani, sikio limebanwa kwenye simu, mpaka mwisho, akauliza nani anakoroma, akaomba urudiwe.

Mwezi uliopita prodyuza mwingine ameniandikia, simjui wala hanijui. Anasema ameupenda sana, ila kwenye kituo cha tatu kuna mtu anaharibu kwa kukoroma, na anaweza kutuondolea bure. Damu ilinichemka. Nilimsomea mama ule ujumbe akiwa mlangoni, ametoka kazini, anavua viatu vya zamu.

Alivua kiatu kimoja, akabaki nacho mkononi.

"Mwambie asiguse," akasema. "Usingizi mzuri niliolala mwaka ule ni huo tu."

Nimemwandikia hivyo hivyo, bila kuongeza neno.